Ukuta wa Chumba cha Picha

Niliingia Dodoma nikiwa juu ya mbao. Lori lilikuwa limepakia Mafinga, na kwa kuwa mbele walijaa, mimi na utingo tulikaa juu ya mzigo tukiwa tumejifunika turubai. Nilikuwa na mifuko miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa kazi: mwiko, pimamaji, kamba, nyundo. Iringa tulipita kwa baridi. Tulipoteremka kuelekea Mtera hewa ikawa kavu, midomo ikaanza kupasuka, na baada ya bwawa nikaona nchi imelala, miiba na mawe, haina kijani hata cha kudanganyia macho. Utingo akaniuliza natafuta nini huku. Nikamwambia nimesikia wanajenga.

"Wanajenga kweli," akasema. "Ila maji yao yana chumvi. Utakumbuka kwenu."

Kwetu ni Mbinga, kwenye milima ya kahawa na ukungu. Niliondoka baada ya kidato cha nne na sikuwahi kukaa mahali zaidi ya miaka mitatu. Nimejenga Tunduma, nimejenga Mpanda, nimejenga Kahama. Kila nilipokuwa niliwaza nilikotoka, na nikirudi huko nilijikuta nawaza kwingine. Hadija ndiye mtu pekee aliyenifanya nitundike nguo zangu ukutani badala ya kuziacha kwenye mfuko.

Ninaandika haya kwa ajili ya mwanamume ambaye mke wake ni mjamzito, anaumwa, na daktari ameandika apigwe picha. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Hadija ni Mrangi wa Kolo, huko Kondoa. Nilipomkuta alikuwa anauza mchele wa Bahi kwenye kibanda, kona ya mtaa wetu Makole. Nilinunua mchele kwake kila jioni mpaka siku moja akaniuliza, "Fundi, unapika peke yako au una kuku nyumbani?" Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, tukafunga ndoa bomani. Mama yake, Bi Mwasiti, hakuja. Alituma debe la karanga na salamu kwamba yuko hai.

Miaka miwili ilipita bila mtoto. Hadija alikuwa na miaka thelathini na sita na alikuwa ameacha kulizungumza jambo hilo. Mwaka wa tatu, upepo wa Julai ulipoanza kupeperusha vumbi la viwanja vinavyojengwa, akaniambia amekosa siku zake. Alilisema huku ananipa mgongo, anachambua mawe kwenye mchele, kama anayeogopa kwamba akinitazama litakuwa si kweli.

Mwezi uliofuata akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu. Tukasema ni vumbi. Vumbi lilipotulia tukasema ni pumba za mchele. Halafu tukasema ni mimba yenyewe, maana kila jirani alikuwa na shangazi aliyekohoa mimba nzima akajifungua salama. Septemba akawa hawezi kuvuta pumzi hadi mwisho; ubavu wa kushoto ulimchoma. Asubuhi nilianika shuka limelowa jasho. Tumbo lilikua wakati mashavu yanaingia ndani, hata nikawa naona kama mtoto ndiye anayemla. Sikumwambia. Nilimnunulia zabibu, akala tatu.

Oktoba tulikwenda kituo cha afya. Tulikaa kwenye benchi la mbao tangu saa moja asubuhi, tukisogea kila mtu mmoja akiingia, mpaka nikazijua mbao zile moja moja. Daktari alitaka makohozi, Hadija akajaribu, hayakutoka. Akamsikiliza kifua, akaandika karatasi mbili: picha ya kifua, na ultrasaundi ya mtoto na ya ubavu. Akasema, "Mama, nenda upige leo. Nataka kuona kuna nini humo ndani kabla sijaanza kubahatisha dawa."

Chumba cha picha kilikuwa mwisho wa korido. Nilipouona mlango wake, nilisimama.

Miaka kumi nyuma, katika wilaya moja ya kusini, nilikuwa kwenye kundi la mafundi tuliojenga chumba kama kile. Msimamizi wetu aliitwa Ngwada, mtu wa maneno mengi. Vyumba vingine tulijenga kwa tofali moja. Kile tulijenga mara mbili, tukajaza zege katikati, tukapiga plasta nzito juu yake. Mlango ulikuja na bati la risasi ndani, yale madini mazito, tukaubeba wanaume wanne, na mmoja wetu akaumia mgongo. Tukamuuliza Ngwada kwa nini. Akajibu, "Humu wanafungia kitu ambacho hakionekani na hakina harufu, kinapita mtu kama wewe unavyopita pazia. Mwenye mke mjamzito asimlete hata kwenye korido." Tulicheka. Tukaanza kutaniana kwamba anayelala kazini mchana tutamfungia humo, akitoka hatapata mtoto tena. Nami nilicheka, lakini nililibeba lile neno Mpanda, nikalibeba Kahama, na siku ile lilikuwa nami kwenye korido ya kituo cha afya.

Mlangoni palikuwa na tangazo lenye mchoro wa mwanamke mwenye tumbo. Liliandikwa: Kama wewe ni mjamzito, mjulishe mhudumu kabla ya kuingia. Mimi nilisoma mchoro tu. Maneno sikuyasoma.

"Twende nyumbani," nikamwambia Hadija.

"Zamu yetu inafika."

"Nimesema twende."

"Daktari ndiye kasema, Kapinga."

"Daktari hajawahi kujenga chumba hiki. Mimi nimejenga. Ninajua walichokifungia humo."

Akanitazama, akatazama mlango, akashika tumbo. Angeweza kubisha, kwa mchele alikuwa anabishana na madereva wa malori mpaka wanacheka na kupunguza bei. Lakini na yeye alikuwa amesubiri miaka miwili, na mimi ndiye niliyesoma mpaka kidato cha nne. Akakunja zile karatasi mbili, akaziingiza kwenye pochi. Tukaondoka.

Tulikaa wiki saba. Nilichemsha tangawizi, nikanunua asali ya kwao Kondoa, nikafunika dirisha vumbi lisiingie. Kwenye kliniki ya wajawazito, muuguzi aliikuta ile karatasi ya ultrasaundi haijafanyiwa kazi, akatuita pembeni.

"Baba, hiki si kile unachoogopa. Hiki kinatumia sauti tu, hakina mionzi kabisa. Kila mama hapa anapimwa."

"Mashine ni mashine, dada. Ninazijua."

"Unazijua kwa kuzijengea nyumba," akasema, "au kwa kuzifanyia kazi?"

Nilikasirika. Niliona ananidharau mbele ya mke wangu. Nikamwondoa Hadija pale pia. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kipimo hicho peke yake, siku hiyo, kingetosha kuonyesha kilichokuwa kinajaa ubavuni mwake. Hilo silisemi kwa mtu. Ninaliandika hapa kwa sababu kuandika ni rahisi kidogo kuliko kusema.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba, mchana. Hadija alitoka kufunika magunia ya mchele na hakurudi. Nilimkuta amekaa chini amegemea kibanda, mvua inampiga, midomo ina rangi ya majivu. Hakuweza kumaliza sentensi. "Mchele," akasema. Akavuta pumzi. "Unalowa."

Bajaji ilitupeleka hospitali kubwa. Safari hii hatukukaa kwenye benchi. Wanaoishiwa pumzi huwa hawapangi foleni, na watu walitupisha bila kuambiwa. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu. Alimkalisha Hadija, akaweka kidole mgongoni mwake, akakigonga kwa kidole kingine, juu kwenda chini. Nilipouona mkono ule nilijua anachofanya, maana ndivyo nasi tunavyogonga plasta kusikia kama ndani pana uwazi. Upande wa kulia ulitoa sauti ya kitu chenye hewa. Wa kushoto ulitoa sauti ya ukuta uliojazwa. Nikajua kabla hajageuka.

"Anakohoa tangu lini?"

"Agosti."

"Hakupigwa picha?"

Hadija ndiye aliyejibu. Alisema, kwa vipande vipande, kwamba yeye aliogopa. Yeye. Nilisimama pale nikamwacha aseme hivyo.

Tukasukuma kitanda mpaka chumba cha picha. Mtaalamu wa picha alikuwa mama mmoja mfupi, anavaa kandambili, tulimwita Mama Edna kama wenzake walivyomwita. Nilimwambia kwamba Hadija ni mjamzito wa miezi sita. "Naona," akasema. "Asante kwa kunijulisha." Kisha nikasimama kwenye kizingiti nimeshika mlango. Sikuwa nimekusudia kuushika. Mkono wenyewe ulishika.

"Baba, uachie."

"Mama, mimi nimejenga vyumba hivi. Ninajua unene wa ukuta huu. Kama si sumu, kwa nini mnajificha nyuma yake?"

Wengine wangenifukuza. Yeye alinitazama kama mtu aliyepata jibu la kitu alichokuwa anajiuliza muda mrefu.

"Kumbe ni hilo," akasema. "Ukuta huu si wa mkeo, baba. Ni wangu mimi. Mkeo anapigwa leo mara moja, kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mimi niko hapa kila siku ya kazi mwaka wa kumi na nne, kila mgonjwa anayeingia. Ningesimama naye kila mara, hayo madogo madogo yangekusanyika. Ukuta ni wa anayebaki. Anayepita hahitaji ukuta wote huo." Akanionyesha kwa kiganja, juu ya matiti ya Hadija. "Mashine itaangalia hapa. Mtoto yuko kule chini. Kinachomfikia ni kidogo mno, hakimdhuru. Kinachomdhuru ni mama yake kukosa pumzi. Sasa niachie mlango wangu."

Nikauachia. Nikahesabu moyoni nikisubiri. Sikufika tatu, mlango ukafunguliwa. Ilikuwa imekwisha.

Mapafu ya Hadija yalitokea kwenye filamu, la kulia jeusi, la kushoto jeupe karibu lote. Kilikuwa kifua kikuu kilichojaza maji. Siku ileile walimtoboa kati ya mbavu, wakatoa maji ya rangi ya mafuta ya alizeti, na nilimwona anavuta pumzi mpaka chini kwa mara ya kwanza tangu Septemba. Alilia. Akasema, "Nilikuwa nimesahau." Akaanza dawa asubuhi iliyofuata, daktari alisema wajawazito nao hutumia, tusiziruke hata siku moja.

Mimi nami nilipimwa kwa kuwa tuliishi chumba kimoja. Niliweka kidevu mahali nilipoambiwa, nikakumbatia bamba la mashine kifuani, Mama Edna akaniambia vuta pumzi, shikilia. Nilingoja nihisi kitu, joto au mchomo. Sikuhisi kitu. Nikaambiwa vaa shati. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiwa na shati mkononi, watu wakipita, na nadhani hapo ndipo nilipoelewa niliyofanya. Kitu nilichomwepusha nacho wiki saba kilikuwa hicho. Mapafu yangu yalikuwa safi. Nilitamani yasingekuwa.

Katikati ya Januari uchungu ulimjia mapema, miezi saba. Mtoto alikuwa msichana, uzito wake haukufika wa mfuko mdogo wa sukari. Tulimwita Mariamu kwa kuwa jina hilo lipo kwetu na lipo kwao, na hakuna bibi wa upande wowote angelikataa. Daktari alisema mama aliyeugua muda mrefu bila dawa humlisha mtoto kwa shida.

Hadija alikuwa dhaifu mno kumbeba. Pale watoto njiti huwekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wapate joto. Muuguzi akaniambia nivue shati. Akamweka, akatufunga pamoja kwa kanga. Nilikaa hivyo siku tisa, nikitoka kula na kuoga tu. Wanawake wa wodi walinitania. "Baba Mariamu, unanyonyesha lini?" Mmoja alinifundisha kukaa nimeegemea ili mtoto asiteleze. Hadija alikuwa kitanda cha pili, anakamua maziwa kwenye kikombe, tunamlisha kwa sindano isiyo na ncha, tone kwa tone. Kichwa cha mtoto kilikuwa chini ya kidevu changu. Alikuwa na harufu ya kitu kilichotoka kuoshwa. Siku ya sita alifungua jicho moja, Hadija akasema, "Anakukagua kama uko wima."

Nimeishi miaka arobaini na minne. Nikiambiwa nichague zipi nirudishiwe, nitachukua siku hizo tisa.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, nilihisi amekuwa mzito kidogo. Nikamwita muuguzi taratibu, kana kwamba nikipaza sauti ndipo itakuwa kweli. Akaweka kidole, akamfanyia kila alichoweza juu ya meza, halafu akaacha. Hadija alinyoosha mikono, wakampa, akamshika kwa mara ya pili tu tangu amzae.

Bi Mwasiti alikuja na gari la kwanza kutoka Kondoa. Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaniacha na mkono wangu hewani muda mrefu, kisha akaitika. Akasema mtoto atazikwa Kolo. Nimehama maisha yangu yote; sikuwa na kipande cha ardhi cha kumlaza mtu. Alizikwa kwenye mteremko chini ya miamba, wanaume wa ukoo wakasoma dua, na mimi nilisimama nyuma ya mstari na koleo mkononi, kwa kuwa kuchimba ndiyo sehemu ninayoijua.

Hadija alibaki Kolo na mama yake. Mimi nilikuwa napanda huko mwisho wa mwezi. Dawa ndizo zilizotupa kalenda: miezi miwili ya mwanzo, halafu minne. Mtama uliota, ukazaa, ukavunwa. Mashavu yake yalirudi. Pumzi ya upande wa kushoto haikurudi yote. Daktari alisema pafu lilikaa muda mrefu limebanwa, pamebaki makovu. Kupanda mlima wa kwao alikuwa anasimama mara tatu. Hakuwahi kunilaumu. Tukiwa tumekaa alinisimulia habari za mbuzi na za shule. Nilitamani anitukane, ningepata pa kuanzia.

Juni alimeza kidonge cha mwisho mbele yangu. Akatoa kichwa nje akamwambia mama yake, "Nimemaliza." Bi Mwasiti akajibu kutoka jikoni, "Haya, njoo basi uniondolee hii sufuria." Nikaona huko ndiko kupona.

Baadaye tuliketi ukumbini mwa nyumba. Nikamwambia nimepata kazi Dodoma ya mwaka mzima, nyumba za watumishi, twende.

"Siwezi kushuka," akasema. "Yeye yuko hapa."

"Basi nitakaa mimi."

"Wewe?" Akatabasamu, na lilikuwa tabasamu lilelile la kibandani, la kuku. "Utakaa miaka mitatu, halafu utaanza kutazama barabara. Nitakuwa nakuona unatazama. Nenda, Baba Mariamu. Sina hasira. Ila nikikuona nakumbuka ule mlango."

Akaingia ndani akarudi na bahasha ya kaki. Ilikuwa filamu yake ya Desemba. Akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni na sote tukaitazama, mbavu, moyo, kile cheupe cha kushoto. Nikajikuta natafuta huko chini, nikifuata ukingo kwa kidole. Picha iliishia kwenye mbavu za mwisho. Chini yake palikuwa pamekatika.

"Hayumo," nikasema.

"Hayumo. Nimemtafuta kila siku tangu tumzike." Akairudisha kwenye bahasha. "Hawakumgusa. Chukua. Huko uendako kuna mafundi wengine wenye wake, wote wanajua unene wa ukuta. Waonyeshe."

Nilimuaga mama mkwe. Alinipa karanga kwenye mfuko, akafunga fundo yeye mwenyewe. Hadija alinisindikiza mpaka anapoanza kukosa pumzi, akasimama, akaniambia anaishia hapo. Nilikwenda peke yangu mpaka barabarani, nikaona Dodoma bila yeye siiwezi, nikasubiri gari la kwenda Babati, ambako sijawahi kujenga. Nguo zilikuwa kwenye mfuko mmoja, vifaa kwenye mwingine. Bahasha haikuingia kwenye wowote bila kukunjwa, nikaibeba mkononi.